Rosalyn Yalow, mwanamke aliyepima insulini na kubadilisha maana ya kisukari

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wengi walikuwa na maelezo mamoja kwa kila mgonjwa wa kisukari: mwili wake umekosa insulini. Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake kubwa ni kuiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli za mwili. Tangu Frederick Banting na Charles Best walipoipata mjini Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, sindano ya insulini ilikuwa imeokoa watoto wengi waliokuwa wanangojea kufa tu. Kwa hiyo ilionekana wazi kwamba penye kisukari hapana insulini.

Aliyeonyesha kwamba maelezo hayo hayatoshi hakuwa daktari. Alikuwa mwanafizikia, mwanamke wa New York, jina lake Rosalyn Yalow. Pamoja na mwenzake, daktari Solomon Berson, alipata njia ya kupima insulini ndani ya damu ya mtu. Kipimo hicho kilionyesha kwamba watu wengi walioanza kuugua kisukari ukubwani walikuwa na insulini, na mara nyingi kuliko watu wenye afya. Insulini ilikuwepo. Mwili ndio ulikuwa hauitikii.

Hali hiyo inaitwa usugu wa insulini. Iko kwenye shina la kisukari cha aina ya pili, aina inayowapata wagonjwa wengi zaidi duniani. Lakini mwanamke aliyesaidia kuifichua alifungiwa milango mingi kabla ya kufika kwenye meza ya maabara.

Binti wa Bronx

Rosalyn Sussman alizaliwa tarehe 19 mwezi wa saba mwaka 1921, mtaani Bronx, mjini New York. Mwezi huo huo, kule Toronto, Banting na Best walimdunga mbwa mwenye kisukari maji ya kongosho kwa mara ya kwanza.

Wazazi wake walikuwa Wayahudi wasio na mali. Mama yake, Clara, aliletwa Marekani kutoka Ujerumani akiwa mtoto wa miaka minne. Baba yake, Simon, alizaliwa New York, katika mtaa walikofikia wahamiaji wengi kutoka Ulaya ya mashariki. Wote wawili hawakupata masomo ya sekondari, lakini walikuwa wameamua kwamba watoto wao wawili watafika chuo kikuu. Nyumbani hamkuwa na vitabu. Rosalyn alijua kusoma kabla ya kuanza shule, na kila juma alikwenda na kaka yake kwenye maktaba ya umma kurudisha vitabu na kuchukua vingine. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1930, mama alichukua kazi ya kushona nyumbani, na binti akamsaidia.

Katika shule ya sekondari mwalimu mmoja alimfanya apende kemia. Baadaye aliingia Hunter College, chuo cha wasichana cha mji wa New York ambacho hakikulipisha ada, na hapo fizikia ikamteka. Wakati huo fizikia ya atomu ilikuwa inabadilika kila mwezi. Rosalyn alisoma kitabu cha maisha ya Marie Curie kilichoandikwa na binti yake Eve, akaona kwamba mwanamke anaweza kuishi kwa sayansi. Mwezi wa kwanza mwaka 1939 alikwenda kumsikiliza Enrico Fermi akieleza, katika Chuo Kikuu cha Columbia, namna kiini cha atomu kinavyoweza kupasuka. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakosa pa kukaa.

Wazazi walidhani kazi inayomfaa ni ualimu wa shule ya msingi. Yeye alitaka kuwa mwanafizikia.

Milango iliyofungwa

Alimaliza Hunter College mwezi wa kwanza mwaka 1941, akiwa na alama nzuri sana. Alama hizo hazikutosha. Chuo kikuu kimoja kilimwandikia profesa wake kwamba msichana huyo anatoka New York, ni Myahudi, tena ni mwanamke. Kama profesa hawezi kuahidi kwamba atapata kazi baadaye, hawatampokea. Hakuna aliyeweza kutoa ahadi kama hiyo.

Akashauriwa apite mlango wa nyuma: awe karani wa profesa mmoja wa Columbia, ajifunze kuandika kwa hati ya mkato, na kwa njia hiyo apate ruhusa ya kuhudhuria masomo. Alikubali. Lakini mwezi wa pili mwaka huo barua ilifika kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, ikimpa nafasi ya kusoma huku akifundisha. Alichana vitabu vyake vya hati ya mkato.

Vita vilikuwa vimeanza kuwachukua vijana wa kiume, na vyuo vilikuwa vinatafuta watu wa kujaza nafasi. Mwezi wa tisa mwaka 1941 Rosalyn alijikuta mwanamke pekee kati ya walimu na wasaidizi wapatao 400 wa kitivo cha uhandisi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia hapo tangu mwaka 1917. Alipata alama ya juu kabisa katika masomo yake, isipokuwa somo moja la maabara ambalo alipungukiwa kidogo. Mkuu wa idara alichukua upungufu huo kuwa ushahidi kwamba wanawake hawawezi kazi ya maabara.

Huko Illinois alikutana na mwanafunzi mwenzake wa fizikia, Aaron Yalow. Walioana mwaka 1943. Mwezi wa kwanza mwaka 1945 Rosalyn Yalow alipata shahada ya udaktari wa fizikia ya nyuklia, akarudi New York. Alifanya kazi ya uhandisi katika maabara ya mawasiliano, kisha akarudi Hunter College kufundisha.

Chumba cha kuwekea mifagio

Baada ya vita, fizikia ya atomu ilianza kuingia hospitalini. Mitambo ya Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, ilikuwa imejengwa kwa ajili ya mradi wa bomu la atomu, mradi uliotumia kwa wingi urani iliyochimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Mwaka 1946 Oak Ridge ilianza kusambaza vitu vyenye mionzi kwa ajili ya utafiti na matibabu. Ukitia chembe ndogo ya mionzi katika kitu na kukiingiza mwilini, unaweza kufuata njia yake kwa mashine, kama mtu anayefuata nyayo.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1947 hospitali ya Bronx inayotunza askari wa zamani ilimwajiri Yalow kwa kazi ya muda. Alipewa chumba kidogo ambacho wafagiaji walikuwa wanawekea vyombo vyao. Hapo ndipo alipoanzisha maabara, na baadhi ya vifaa alivitengeneza mwenyewe kwa kuwa havikuuzwa mahali popote. Mwaka 1950 aliacha kufundisha akawa mfanyakazi wa kudumu wa hospitali hiyo.

Mwaka huo huo alimpata Solomon Berson, daktari kijana aliyekuwa anamaliza mafunzo ya magonjwa ya ndani. Yalow hakuwahi kusomea biolojia. Berson hakuwahi kusomea fizikia ya nyuklia. Basi kila mmoja alimfundisha mwenzake. Walifanya kazi pamoja miaka 22, mara nyingi mpaka usiku, wakibishana juu ya kila tarakimu. Matokeo yao yalitoka kwa majina yote mawili.

Wakati huo kanuni za kazi zilimtaka mwanamke mwenye mimba ya miezi mitano ajiuzulu. Yalow alizaa watoto wawili, mwaka 1952 na 1954, wala hakujiuzulu.

Insulini iliyochelewa kutoka

Mwaka 1952 daktari Arthur Mirsky alitoa wazo kwamba huenda wagonjwa wa kisukari wa ukubwani wanatengeneza insulini, ila ini linaivunja upesi kupita kiasi. Yalow na Berson waliona kwamba wazo hilo linaweza kupimwa. Walichukua insulini, wakaitia iodini yenye mionzi, wakawadunga watu wa namna mbalimbali, kisha wakahesabu inachukua muda gani kutoka katika damu.

Kama Mirsky alikuwa sahihi, insulini ingetoweka upesi kwa wagonjwa. Ilikuwa kinyume. Kwa watu waliokuwa wamekwisha kutibiwa kwa sindano za insulini, ilikawia kutoka. Hata mtu aliyewahi kudungwa insulini kwa sababu isiyo ya kisukari, damu yake ilionyesha hivyo hivyo.

Walitafuta kinachoishika, wakakuta ni kingamwili. Insulini ya sindano za wakati huo ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mwili wa binadamu uliitambua kuwa kitu kigeni, ukatengeneza kinga dhidi yake, na kinga hiyo ilikuwa inaikamata na kuizuia isitoke.

Wataalamu wa kinga walikataa. Kwao insulini ilikuwa ndogo mno kuweza kuamsha kinga ya mwili. Jarida la kwanza walilolipelekea makala liliirudisha, na jarida jingine nalo likafanya hivyo. Mwaka 1956 makala ilichapishwa, lakini baada ya wawili hao kukubali kuondoa neno kingamwili katika kichwa cha habari. Yalow aliitunza barua ya kukataliwa. Miaka 21 baadaye aliionyesha hadharani mjini Stockholm, katika hotuba yake ya Nobel.

Kipimo kinachofanya kazi kama basi lenye viti vichache

Kutoka hapo waliona jambo ambalo hawakulitafuta. Ikiwa kingamwili inaikamata insulini, basi inaweza kutumiwa kuihesabu.

Njia yenyewe inaeleweka kwa mfano wa basi. Viti vya basi ni kingamwili, na idadi yake inajulikana. Kwanza wanapanda abiria waliovaa kofia nyekundu: hao ni insulini yenye mionzi. Kisha wanakuja abiria wasio na kofia: hao ni insulini ya mgonjwa, iliyomo katika tone la damu yake. Wote wanagombea viti vile vile. Wasio na kofia wakiwa wengi, wenye kofia wengi wanabaki nje. Ukihesabu kofia zilizobaki ndani ya basi, unajua abiria wasio na kofia ni wangapi.

Kingamwili waliipata kwa simbilisi, wanyama wadogo wale wale ambao familia nyingi za Kivu zinafuga. Waliwadunga insulini, wakangoja miili yao itengeneze kinga, wakachukua damu kidogo. Mwaka 1959 walitangaza kipimo hicho, na mwaka 1960 wakatoa matokeo kamili ya kupima insulini ya binadamu. Kiliitwa radioimunoasei. Kabla yake, homoni nyingi zilikuwa chache mno katika damu hata zisiweze kupimwa kwa uhakika. Sasa ziliweza kuhesabiwa kutoka katika kiasi kidogo cha damu, bila kumdunga mgonjwa mionzi yoyote, kwa kuwa kazi yote ilifanyika ndani ya kichupa.

Yalow na Berson wangeweza kuandikisha haki ya kumiliki njia hiyo na kutajirika. Hawakufanya hivyo. Waliwafundisha watafiti waliofika Bronx kutoka nchi nyingi, na kipimo kikaenea.

Insulini ipo, mwili hauitikii

Walipowanywesha watu sukari na kupima damu yao saa baada ya saa, waliona kwamba wagonjwa wengi wa ukubwani, hasa mwanzoni mwa ugonjwa, walikuwa na insulini nyingi kuliko watu wasio na kisukari. Sukari yao ilipanda, insulini nayo ikapanda, lakini sukari haikushuka inavyotakiwa.

Mtu mmoja alikuwa amekaribia jibu hilo zamani. Mwaka 1936, mjini London, daktari Harold Himsworth aliwapa wagonjwa sukari kwa mdomo na insulini kwa mshipa wakati mmoja. Kwa baadhi yao insulini iliizuia sukari kupanda. Kwa wengine, wengi wao watu wazima na wanene, haikufua dafu. Himsworth alisema kuna aina mbili za kisukari. Wengi hawakumfuata, maana wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kupima insulini ndani ya damu. Kipimo cha Bronx kilileta ushahidi uliokosekana.

Mwaka 1970 Berson na Yalow waliandika maana ya usugu wa insulini ambayo ingali inatumika: ni hali ambayo seli, kiungo au mwili mzima unahitaji insulini zaidi ya kawaida ili kufanya kazi ya kawaida.

Baada ya hapo swali lilikuwa wapi na kwa nini. Hapo seli za mafuta zilikuwa na faida kubwa kwa watafiti. Zipo chini ya ngozi, na daktari anaweza kuchukua chache tumboni kwa sindano au kwa mkato mdogo. Mwaka 1964 Martin Rodbell, mtafiti wa Marekani, alionyesha namna ya kuzitenganisha moja moja zikiwa hai, na kuona zinavyoitikia insulini. Naye Jesse Roth, daktari aliyejifunza katika maabara ya Yalow na Berson, alikuwa mmoja wa walioanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutumia insulini yenye mionzi kupima vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo insulini inashika ili kutoa amri yake.

Seli ya mafuta ni ghala. Mtu akishakula, insulini inaipa amri mbili. Ya kwanza: pokea sukari. Ya pili: funga ghala, usitoe mafuta sasa. Kwa amri ya kwanza, seli inapandisha juu ya ukuta wake milango midogo ya protini ambayo ilikuwa imehifadhiwa ndani, na sukari inapita humo. Watafiti waliligundua jambo hilo mwaka 1980 katika seli za mafuta za panya. Mlango wenyewe baadaye uliitwa GLUT4.

Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, insulini inafika na kushika kipokezi, lakini ujumbe unadhoofika ndani ya seli. Milango michache inapanda, na ndani ya seli yake ya mafuta hata idadi ya milango iliyohifadhiwa imepungua. Amri ya pili nayo haisikiki vizuri. Ghala linaendelea kutoa mafuta hata wakati mtu ameshakula. Mafuta hayo yanakwenda kwenye ini na misuli, yanajipanga mahali pasipo pake, na kuongeza usugu huko.

Jambo hilo la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Sukari nyingi inayoondolewa na insulini katika damu baada ya chakula inakwenda kwenye misuli. Seli za mafuta zinachukua sehemu ndogo tu. Lakini zikikosa utii, zinaharibu kazi ya viungo vingine. Ini, ambalo lingepaswa kuacha kutoa sukari, linaendelea kuitoa.

Kongosho linajaribu kushinda usugu huo kwa kutengeneza insulini zaidi na zaidi. Kwa miaka mingi linaweza kufaulu, na mtu hajui kitu, kwa sababu sukari yake ni ya kawaida. Siku linapochoka, sukari inapanda, ndipo ugonjwa unaonekana. Ndiyo maana mgonjwa yule yule anaweza kuwa na insulini nyingi mwanzoni na kuikosa miaka mingi baadaye.

Mwenzake anakufa, yeye anabaki na swali

Mwaka 1968 Berson alichukua uongozi wa idara katika shule ya udaktari ya Mount Sinai, New York, ila aliendelea na utafiti pamoja na Yalow. Tarehe 11 mwezi wa nne mwaka 1972 alikufa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akiwa katika mkutano wa wanasayansi mjini Atlantic City. Alikuwa na miaka 53.

Kwa Yalow ilikuwa msiba na pia hatari. Wengi walikuwa wanamwona Berson kuwa ndiye akili ya maabara. Yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu mara nyingi, naye alikuwa daktari na mwanaume. Yalow alisikia maneno yaliyosemwa kwamba bila Berson kazi itakufa. Alifikiri hata kurudi shule, akiwa na miaka zaidi ya 50, asomee udaktari wa tiba ili wamheshimu. Aliacha wazo hilo.

Aliomba maabara ipewe jina la Solomon Berson, ili kila makala itakayotoka hapo iendelee kubeba jina la mwenzake. Kisha akaongeza kazi. Katika miaka minne iliyofuata alitoa makala zipatazo 60. Mwaka 1976 alipewa tuzo ya Lasker ya utafiti wa msingi, na hakuna mwanamke aliyewahi kuipata kabla yake.

Mwaka 1977 ikaja Nobel ya tiba. Nusu ya tuzo ilikuwa yake, na nusu nyingine ya Roger Guillemin na Andrew Schally, waliochunguza homoni za ubongo. Alikuwa mwanamke wa pili kupata Nobel ya tiba, baada ya Gerty Cori mwaka 1947. Nobel haipewi marehemu, kwa hiyo Berson hakuwa na sehemu. Yalow alitumia hotuba yake kueleza walichofanya wawili.

Mbele ya wanafunzi mjini Stockholm alizungumza juu ya wanawake. Aliwaambia wanawake wajiamini, kwa kuwa asipojiamini mwenyewe mtu hataaminiwa na wengine, na kwamba dunia haiwezi kupoteza akili za nusu ya watu wake. Hata hivyo hakutaka upendeleo. Alikataa tuzo moja iliyotengwa kwa wanawake peke yao, akiona kwamba kazi yake inapaswa kupimwa pamoja na ya wanaume.

Alichoacha

Njia ya kugombea viti haikubaki kwenye insulini. Ilisaidia kuchunguza damu inayotolewa hospitalini, ili mtu anayeongezewa damu asiambukizwe virusi vya homa ya ini ya B. Ilitumiwa kupima homoni za watoto wachanga ambao tezi ya shingo yao haifanyi kazi, ili watibiwe kabla ubongo haujaharibika. Leo maabara nyingi zinatumia vipimo visivyo na mionzi, vinavyofuata wazo lile lile la kingamwili inayokamata kitu na kukihesabu.

Kwa mgonjwa wa kisukari, kazi yake ilibadilisha matibabu. Mtu mwenye aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitengenezi insulini, hawezi kuishi bila sindano. Mwenye aina ya pili mara nyingi anaanza kwa njia nyingine: kupunguza uzito kama umezidi, kutembea na kufanya kazi za mwili, na vidonge kama metformini vinavyolizuia ini kumwaga sukari. Mazoezi yana siri yake. Msuli unaofanya kazi unapandisha milango ya GLUT4 wenyewe, bila kungoja amri ya insulini. Kongosho likichoka kabisa, mgonjwa wa aina ya pili naye atahitaji sindano, na hapo kuikataa ni kujihatarisha.

Yalow aliacha kazi mwaka 1991. Mumewe alifariki mwaka uliofuata. Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na kiharusi, lakini alipoweza alikwenda shuleni kuongea na watoto juu ya sayansi. Alifariki tarehe 30 mwezi wa tano mwaka 2011, akiwa na miaka 89, katika mtaa ule ule wa Bronx alikozaliwa na alikofanyia kazi yake kubwa.